Urithi wa Karakana ya Vioo

Sisi wa Handeni na Korogwe twajua kwamba chombo kisicho na maelezo ni nusu ya urithi. Sanamu za udongo zilizotumika katika jando na unyago wa Wazigua na Washambaa, Hans Cory alizikusanya pamoja na nyimbo zake, akazitolea kitabu mwaka 1956. Nyimbo hizo ndizo zinazofumbua maana ya sanamu.

Kwa jicho hilo twaitazama karakana ya Kitengela, kusini mwa Nairobi. Hapo msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, aligeuza vioo vilivyotupwa kuwa madirisha ya rangi. Mwanawe Anselm akaongeza tanuri na ufundi wa kupuliza kioo.

Dirisha hudumu ukutani, bali ujuzi wa kukata kioo, kupanga vipande na kuvishikamanisha kwa risasi au saruji hukaa mikononi mwa fundi. Naye fundi hufa. Basi, walimu, wapelekeni vijana kwa mfinyanzi na mhunzi wa kijiji, wajifunze kazi na kuiandika. Tukihifadhi kazi tukaupoteza ujuzi, tumebaki na ganda, kokwa tumeitupa.