Mwezi au Jua? Kisa cha Tundu la Mnara wa Shanghai

Wapenzi wa lugha, leo naomba tuyaweke mashairi kando kidogo, twende tukalitazame jengo. Msiwe na wasiwasi. Tutarudi kwenye mashairi kabla ya kuagana, kwa maana kisa chenyewe kinahusu swali linalotusumbua sisi sote tunaotunga: nani mwenye maana ya umbo, aliyelichora au anayelitazama?

Sijawahi kufika Shanghai. Nilichonacho ni picha na maandishi niliyoyasoma kwa miaka mingi, tangu nilipokuwa nikifundisha Historia na Kiswahili katika shule ya upili. Hata hivyo, jengo hili nimeishi nalo moyoni kuliko majengo mengi niliyoyaingia kwa miguu yangu. Sababu yake nitaieleza.

Mji wa Shanghai umegawanywa na mto Huangpu. Upande wa magharibi huitwa Puxi, na wa mashariki Pudong. Katika Kichina, *xi* ni magharibi na *dong* ni mashariki. Kwa muda mrefu fahari yote ilikuwa Puxi. Pudong palikuwa mahali pa mashamba, maghala na viwanda. Wenyeji walikuwa na msemo kwamba afadhali kitanda kimoja Puxi kuliko nyumba nzima Pudong. Mwaka 1990 serikali ya China ilitangaza kwamba Pudong ingeendelezwa, na eneo la Lujiazui, lililo ukingoni mwa mto, likachaguliwa kuwa makao ya mabenki na biashara. Mwaka 1999 jengo la Jin Mao likakamilika, lenye ghorofa 88 na urefu wa mita 421 hivi. Waliochora Jin Mao walikuwa Wamarekani, lakini waliiga pagoda za Kichina, na idadi ya ghorofa iliheshimu namba 8, ambayo Wachina huiona ya heri. Wenyeji walilitazama wakajiona wenyewe ndani yake.

Jirani ya Jin Mao palikuwa na kiwanja kingine. Hapo ndipo kampuni ya Mori ya Tokyo ilipotaka kujenga Shanghai World Financial Center. Msingi uliwekwa mwaka 1997, lakini msukosuko wa fedha ulioikumba Asia ukaisimamisha kazi kwa miaka kadhaa. Iliporejelewa mwaka 2003, jengo lilikuwa limeongezewa kimo: badala ya mita 460 sasa lingefika mita 492, na ghorofa 101.

Msanifu wake, William Pedersen wa New York, alikuwa na wazo ambalo mshairi yeyote angelistahi. Wachina wa kale waliisawiri ardhi kuwa mraba na mbingu kuwa duara. Kwa hiyo mnara ungeanza chini kwa umbo la mraba, upande ukizidi kuwa mwembamba, na kule kileleni ungetobolewa tundu kubwa la duara lenye kipenyo cha mita 46. Anga lingeonekana kupitia humo. Tundu lingefanya kazi pia, maana upepo huko juu ni mkali, na uwazi ungepunguza msukumo wake. Tena lingewakumbusha watazamaji ule mlango wa mwezi unaopatikana katika bustani za Kichina, ambao ni uwazi wa mviringo ukutani anaoupita mgeni kuingia kwenye maua na vijito. Ardhi, mbingu, mwezi: tamathali tatu katika tundu moja.

Watu wengi wa Shanghai hawakuona mwezi. Waliona jua.

Ili tuwaelewe, inatupasa turudi nyuma hadi mwaka 1937. Kuanzia Agosti hadi Novemba mwaka huo, majeshi ya Japani yalipigana na majeshi ya China ndani na kandokando ya mji huo. Mitaa iliteketea, na maelfu kwa maelfu wakafa. Desemba ikaangukia Nanjing, na mauaji yaliyotendeka huko hayajasahauliwa hadi leo. Shanghai ilibaki chini ya mkono wa Japani hadi 1945. Miaka yote hiyo bendera iliyopepea juu ya majengo ilikuwa na duara jekundu, jua linalochomoza. Jengo la Mori lilipochorwa, wazee walioishi chini ya bendera ile walikuwa bado wako hai. Sasa waliambiwa kwamba kampuni ya Kijapani ingeinua duara juu ya mji wao, mahali pa juu kuliko paa lolote, na kwamba kila machweo anga jekundu lingelijaza.

Malalamiko yakatanda, hata meya wa mji akawa miongoni mwa waliolipinga duara. Pedersen alijaribu suluhu ya kwanza: daraja lipitishwe sehemu ya chini ya tundu, duara lipungue uduara wake. Haikutosha. Mwezi Aprili 2005, maelfu ya watu waliandamana Shanghai kuipinga Japani, wakiwa wamekasirishwa na namna vitabu vya shule vya huko vilivyosimulia vita. Mimi niliyeshika chaki na kitabu cha historia maisha yangu yote sikuweza kuipita habari hiyo bila kusimama. Baadaye mwaka huohuo umbo jipya likatangazwa: tundu la pande nne, pana juu na jembamba chini. Ilielezwa kwamba umbo hilo ni rahisi zaidi kujenga na gharama yake ni ndogo. Jengo lilifunguliwa Agosti 2008.

Basi nani alikuwa na haki? Kwa miaka mingi nilimtetea msanifu. Nilisema duara ni duara, na Wachina wenyewe wamelitumia tangu enzi za mababu. Lau mnara ungejengwa na kampuni ya Beijing, nilisema, duara lilelile lingesifiwa kuwa mwezi. Hoja hiyo bado naiona kuwa ya kweli. Ila sasa naiona pia kuwa ndiyo inayonihukumu. Ikiwa mkono unaochora hubadilisha kinachoonekana, basi umbo peke yake halijawahi kuwa na maana iliyokamilika. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini ngoma ikishawambwa, wanaoisikia ni wengine.

Niliutetea upande wa msanifu kwa sababu niliwahi kuwa msanifu wa aina hiyo, kwa kiasi changu kidogo.

Ilikuwa Novemba 1992. Nilikuwa mwalimu kijana, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu, na mkuu wa shule aliniomba nitunge shairi litakaloghaniwa na wanafunzi siku ya kufunga mwaka, mbele ya wazazi. Nikatunga tarbia ya mizani nane kwa nane. Ndani yake elimu nilimfanya jogoo anayewika kijiji kikingali gizani, watu wakaamka. Nilijivunia picha ile. Nilimkumbuka jogoo wa marehemu nyanya yangu, aliyetuamsha kwenda shule ya msingi kabla hatujajua saa ya mkononi ni nini.

Wasomaji wa Kenya wa umri wangu wameshatambua kosa. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ulikuwa mwezi uliofuata, na jogoo alikuwa alama ya KANU, chama tawala. Wanafunzi walipofanya mazoezi uwanjani, wapita njia walisikia. Baada ya siku mbili wazazi kadhaa walimjia mkuu wa shule. Mmoja wao, aliyekuwa amefungwa kwa ajili ya siasa, aliniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Mwalimu, umelipwa ngapi?"

Niliwaka. Nikamweleza kuhusu nyanya yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nyanya yako simjui. Jogoo ninayemjua mimi ni yule."

Usiku ule nilikaa na taa ya mafuta nikitafuta neno. Wenzangu mnajua taabu ya kuondoa tofali katika ukuta wa arudhi. Jogoo lina mizani tatu: jo-go-o. Nyota ni mbili, halitoshi. Mwishowe nikapata kengele: ke-nge-le, mizani tatu kamili. Kwa bahati neno halikukaa kwenye kina, hivyo vina havikuvunjika. Wanafunzi walighani, wazazi wakapiga makofi, akiwamo yule bwana. Shairi halikuwa na kosa lolote la arudhi, wala halikuwa na uhai. Kengele ya shule huita. Haiwezi kukuamsha kutoka gizani. Kwa muda mrefu nililichukia neno hilo, na katika moyo wangu nilimchukia kidogo na yule mzazi.

Niliposoma habari za tundu la Shanghai nilijiona palepale. Umbo la pande nne ndilo kengele ya Pedersen: limekaa mahali pake, hesabu zake ni sawa, ujenzi wake ni rahisi zaidi, na ile mbingu ya duara haimo tena. Hasara ipo, na sipendi kudanganya kwamba haipo. Lakini kumweleza aliyeumizwa kwamba jeraha lake ni kosa la usomaji ni jambo ambalo siwezi tena kulifanya. Yule mzazi hakusoma vibaya. Alisoma kwa kumbukumbu aliyokuwa nayo, nami nilitunga kwa kumbukumbu niliyokuwa nayo, na shairi lilikuwa limesimama katikati yetu.

Jambo moja zaidi kuhusu jengo lile. Tundu jipya lilipokamilika, wasemaji wa kawaida walilitazama wakacheka: mnara unafanana kabisa na kifaa cha kufungulia chupa. Jina likashika. Baadaye, mwaka 2015, jirani yao wa tatu, Shanghai Tower wa mita 632, alikamilika akiwa amejisokota, naye akaitwa kifaa cha kupigia mayai. Jin Mao lenye ncha kali likawa bomba la sindano. Yote matatu kwa pamoja wakayaita vyombo vya jikoni. Hakuna msanifu wala meya aliyeyaagiza majina hayo. Wenye mnara hawakushindana nayo. Katika duka lililo kileleni mwa jengo huuzwa vifungulia chupa vya chuma vyenye umbo la jengo lenyewe.

Mwaka jana mjukuu wangu, aliyezaliwa miaka mingi baada ya KANU kuondoka madarakani, alifukua karatasi zangu za zamani akaliona shairi lile. Neno jogoo lilikuwa limekatwa kwa wino, na kengele limeandikwa juu yake. Aliniuliza, "Babu, kwa nini ulimfuta kuku?"

Nilimsimulia yote. Alifikiri, kisha akasema la kwanza lilikuwa zuri zaidi. Nikamwambia ni kweli, na kwamba karatasi aiache kama ilivyo, maneno yote mawili yakiwa yanasomeka.