Randy, fox terrier aliyefia njiani Unyamwezi

Tangu mwaka 2006, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu imo kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ikisubiri kupandishwa hadhi kuwa Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kila suala hilo linapofufuliwa, mazungumzo huwa yale yale: minyororo, meno ya tembo, na tembe la Livingstone pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mbwa hatajwi.

Lakini mbwa walikuwamo, na Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyegeuka mpelelezi, aliwaandika kwa majina. Mwaka 1871, alipokuja kumtafuta Livingstone, alikuwa na mlinzi wa hema aliyeitwa Omar, mbwa aliyetoka naye India. Alipoanza safari ya pili kutoka Bagamoyo, Novemba 1874, aliongozana na mbwa watano wa Kiingereza: Castor, Captain, Nero, Jack na Bull. Castor, mbwa mkubwa wa aina ya mastiff, alikuwa zawadi ya Baroness Burdett-Coutts, tajiri wa London aliyesifika kwa ukarimu wake.

Hakuna hata mmoja aliyerudi kwao. Omar hakuiona Tabora. Castor naye akafia njiani. Wa mwisho alikuwa Bull. Aprili 1876, siku chache kabla Stanley hajakutana na Mtemi Mirambo na kuchanjiana naye damu ya udugu, Bull aliishiwa nguvu njiani. Alijikokota nyuma ya wabeba bunduki, akayumba, akalala katikati ya njia, akafa akiwa ameelekeza macho walikokwenda wenzake. Stanley alimwandikia tanzia ndefu kuliko alizowaandikia wapagazi wengi.

Ndipo anapoingia Randy, mbwa mdogo kuliko hao wote.

Randy alikuwa fox terrier. Terrier ni jamii ya mbwa waliozalishwa Uingereza kwa kazi ya mashimoni: kumfuata mbweha, panya au mnyama mwingine mharibifu ndani ya pango lake, kumbwekea huko gizani na kumtoa nje. Kazi hiyo ilihitaji kifua chembamba kinachopita tunduni, miguu ya kufukua, meno yenye nguvu na roho isiyojua kurudi nyuma. Rangi kubwa ya fox terrier ni nyeupe, na huaminika kwamba wawindaji waliipenda ili wasimchanganye na mbweha anapochomoza shimoni. Chama cha wafugaji wake kilianzishwa Uingereza mwaka 1876, mwaka ule ule aliokufa Bull, na kikaweka vipimo, ambavyo leo husema dume lisizidi sana kilo 8 wala sentimita 39 begani. Wako wa manyoya laini na wa manyoya magumu kama brashi.

Hata asiyewahi kumwona fox terrier akiwa hai huenda ameuona mfano wake. Nipper, yule mbwa anayesikiliza gramafoni kwenye nembo ya santuri za His Master's Voice, alikuwa wa damu ya terrier, mzaliwa wa Bristol mwaka 1884. 

Randy alijiunga na msafara mwanzoni mwa 1887, Stanley alipokuwa akielekea Zanzibar kukusanya watu wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta (Equatoria) aliyekwama baada ya vita vya Mahdi huko Sudan. Mbwa huyo alimzoea zaidi Luteni William Stairs, mhandisi kijana kutoka Halifax, Kanada. Badala ya kupitia Tabora, msafara ulipanda meli hadi mdomo wa mto Kongo, upande wa pili wa bara, ukiwa na Wazanzibari zaidi ya 600.

Juni 1887 kikosi cha mbele kiliingia msitu wa Ituri. Kufikia Oktoba njaa ilikuwa imewakaba. Watu walikula matunda ya porini, uyoga na chochote walichookota, na waliobaki nyuma hawakuonekana tena. Siku moja adhuhuri, Stanley na maofisa wake walikuwa wamejinyoosha chini, yeye akiwazia habari za Biblia za watu waliolishwa nyikani. Ghafla wakasikia mabawa. Kanga mmoja alitua karibu, na kabla mtu hajafikia bunduki Randy alikuwa ameshamrukia na kumbana kwa meno. Stanley alitangaza kwamba zama za miujiza hazijapita. Ndege yule mmoja aligawanywa kwa haki na mizani, na Randy akapata fungu lake.

Ukimjua terrier, huoni muujiza hapo. Mbwa wa jamii hii hangoji amri. Kinachotikisika majanini hukimbiliwa kwanza, maswali baadaye. Tabia hiyo hiyo inayomfanya aharibu bustani na kuwamaliza kuku wa jirani ndiyo iliyowapa wazungu wale mlo.

Randy alitoka Ituri mzima. Mwaka 1889 Stanley, akiwa na Emin na mamia ya wafuasi wake, alielekea pwani ya Bahari ya Hindi kupitia Karagwe hadi kusini mwa Ziwa Victoria. Walipumzika kwenye misheni ya Alexander Mackay huko Usambiro, wakaondoka Septemba 17, wakapigana siku kadhaa na Wasukuma, kisha wakashika njia ya Unyamwezi. Walikuwa wakielekea Usongo kwa Mtemi Mtinginya, rafiki wa mfanyabiashara Charles Stokes, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Mkoa wa Tabora. Siku chache kabla ya kufika, Oktoba 1889, Randy akafa.

Stanley aliandika kwamba karibu kila mtu alikuwa amempenda, na hilo si jambo dogo. Wengi wa Wazanzibari wa msafara walikuwa Waislamu waliolelewa kujitenga na mate ya mbwa. Halafu akaongeza hukumu yake: njia hii haielewani na mbwa. Akamkumbuka Omar, akamkumbuka Castor, akaishia hapo. Stairs alifika Tabora mwaka 1891, akiongoza msafara wa kwenda Katanga kumkabili Msiri, mfalme mwenye asili ya Unyamwezi aliyeuawa na watu wa msafara huo Desemba mwaka ule. Mwaka uliofuata homa ilimuua Stairs mwenyewe.

Hapa msomaji ana haki ya kukasirika. Kati ya Wazanzibari waliotoka na Stanley 1887, hawakurudi hata nusu, lakini ni mbwa anayepewa aya nzima na sifa zake. Njia ile ilijengwa kwa mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, na bado ni rahisi zaidi leo kujua jina la mbwa wa luteni kuliko la mtu aliyembebea luteni sanduku.

Na je, njia ilikuwa na kosa gani? Stanley hakueleza. Miaka michache baada ya Randy kufa, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aligundua huko Zululand kwamba ugonjwa wa nagana husababishwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaouawa na vijidudu hivyo haraka. Hupata homa, huvimba uso, jicho hufanya ukungu mweupe, na ndani ya wiki chache mnyama amekwisha. Miombo ya Tabora ni makao ya zamani ya mbung'o. Ukiongeza homa ya kupe na mwendo wa saa nyingi bila maji kwa mnyama anayejipoza hasa kwa kuhema, huhitaji mkosi kueleza vifo vile. Miongoni mwa mbwa wa wenyeji, waliowindia vijijini vizazi kwa vizazi, walibaki wale waliohimili. Hakuna msafiri aliyewaandikia tanzia.

Mambo yaligeuka upande wa pili pia. Mwaka 1895 mbwa wadogo wa Kongo, hawa wanaoitwa leo basenji, walipelekwa London kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts na kutangazwa kama terrier wa Kongo. Hawakudumu. Waliuawa na distempa, ugonjwa uliozoeleka kwa mbwa wa Ulaya.

Karne ya ishirini ilileta reli ya kati, maofisa wa kikoloni na mbwa wao, kisha ikawaondoa. Terrier wa damu safi ni nadra Tabora siku hizi. Wanaoonekana ni machotara wenye masikio yaliyokunjika na hasira ya bure.

Anayemfuga mmoja wao ajue kazi iliyopo. Apewe nafasi ya kukimbia asubuhi na jioni, asifungwe mnyororo juani, maana ngozi ya mbwa mweupe huungua. Wa manyoya laini hutosha kupigwa brashi mara moja kwa wiki, ila kupe hutafutwa kila siku: ndani ya masikio, chini ya kwapa, katikati ya vidole. Fizi zikipauka na mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, huenda ni homa ya kupe, na ni mbio kwa daktari wa mifugo. Ukungu machoni kwa mbwa aliyetoka porini unatakiwa uamshe wasiwasi wa nagana. Dawa yake, diminazene, isipimwe kwa kukisia kwa sababu kiasi kinachoponya mbwa hakiko mbali na kinachomdhuru. Zipo chanjo za distempa na kichaa cha mbwa. Hii ya pili hupewa mbwa akifika miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na bei yake ni ndogo kuliko ya sindano za mtu mmoja aliyeng'atwa.