Delamere, Lord (1870–1931)

Hugh Cholmondeley, mlowezi na kiongozi wa kisiasa wa Wazungu nchini Kenya, alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870. Mwaka 1887, akiwa na miaka 17, alirithi cheo cha Lord Delamere na mali ya ukoo huko Vale Royal, Cheshire, Uingereza. Uwindaji ndio uliomleta Afrika. Katika nchi ya Wasomali simba alimrarua mguu, akawa anachechemea, na mwaka 1897 msafara wake uliotokea huko ulifika Laikipia.

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Kondoo wa kigeni walikufa, ng'ombe wakamalizwa na magonjwa, ngano ikashambuliwa na ugonjwa wa kutu. Akaweka rehani mali yake ya Uingereza, akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazostahimili kutu, na mwaka 1908 akashiriki kuanzisha kampuni ya Unga. Vitabu humsifu kwa ustahimilivu huo, na ni haki yake. Lakini nafasi ya walowezi katika Bonde la Ufa ilipatikana kwa kuwahamisha Wamaasai, kwa mikataba ya 1904 na 1911. Delamere alijua Kimaasai, akawaajiri Wamaasai kuchunga ng'ombe wake katika shamba lake la Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, palipokuwa malisho yao.

Katika Baraza la Kutunga Sheria alidai Wazungu wajitawale. Mwaka 1923 London ilitangaza kuwa maslahi ya Waafrika yatatangulia. Yeye hakuacha kupigania madai yake. Siasa hizo ziligusa hata Malava, magharibi mwa Kenya, ambako hakuwa na shamba. Wakabras, wenyeji wa huko, walibaki ndani ya mpaka wa hifadhi ya Waafrika, na wanaume wakaenda kutafuta kazi kwa walowezi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia, kipande cha utambulisho kikining'inia shingoni. Lugari, jirani ya Malava, ilikuwa ardhi ya walowezi hadi ilipogawiwa Waafrika wakati wa uhuru.

Mwaka 1899 Delamere alimwoa Lady Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen, Ireland. Mwana wao pekee, Thomas, alizaliwa 1900. Florence alifariki 1914. Mke wa pili, Gwladys Markham, aliyemwoa 1928, baadaye alikuwa meya wa Nairobi. Delamere alifariki tarehe 13 Novemba 1931 akiwa na madeni makubwa, akazikwa Soysambu. Barabara ya Delamere jijini Nairobi ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu yake ikaondolewa, lakini Soysambu ilibaki mikononi mwa ukoo. Kitukuu wake, Thomas Cholmondeley, alitiwa hatiani mwaka 2009 kwa kuua bila kukusudia, baada ya mwashi kupigwa risasi humo mwaka 2006.