Isis wa Misri, Bibi Hajar na Maji ya Kombe

Mjukuu wangu anayesoma chuo Dar es Salaam alipokuja likizo alinionyesha katika simu yake picha ya sanamu ya mwanamke aliyekaa kitini, amempakata mtoto na kumnyonyesha. Kichwani ana pembe mbili za ng'ombe na baina yake duara la jua. Akaniuliza, "Babu, huyu ni Bibi Mariamu?" Nikamwambia siye. Akanieleza kuwa wako wasichana wenzake, na wengine ni watoto wa Kiislamu, wanaovaa kidani chenye sura yake na kusema kwamba huyu ndiye mama wa Waafrika wote, na kwamba dini zilizokuja baadaye zilimpora mahali pake. Nikaona swali hili halijibiki kwa neno moja. Kumwambia tu "hiyo ni shirki, achana nayo" ni kusema kweli, lakini kijana wa leo ukimnyamazisha huku atakwenda kuuliza kwingine.

Najua watakuwapo watakaosema: maalimu wa Majengo ya Songea anahangaika na masanamu ya Firauni kwa ajili gani? Ndugu zangu, Qur'ani yenyewe imetutembeza Misri mara nyingi, kwa Nabii Yusuf na kwa Nabii Musa, alayhimas salaam. Tena katika habari za mungu huyu wa kike liko jambo linalonigusa mimi mwenyewe, nami nitalieleza ijapokuwa kwa aibu.

Jina lake ni Isis. Hivyo ndivyo Wayunani walivyolitamka. Wamisri wenyewe walilitamka karibu na Aset, na alama yake katika maandishi yao ni kiti cha enzi. Ametajwa katika maneno yaliyochongwa ndani ya piramidi ya mfalme Unas, kiasi cha miaka 2350 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kisa chake, kama walivyokihadithia, ni hiki. Mumewe Osiris alikuwa mfalme, akauawa na nduguye Set kwa husuda, akatiwa katika sanduku na kutupwa mtoni. Isis akalitafuta sanduku lile mpaka pwani ya Sham, katika mji wa Byblos, ambao leo ni Jubayl ya Lebanoni. Akarudi nalo, na Set akaiona maiti akaikatakata vipande 14 na kuvitawanya nchi nzima. Mwanamke yule akavitafuta tena, kimoja kimoja. Kisha akazaa mwana, Horus, akamficha katika mabwawa ya mafunjo ili ami yake asimwue.

Kwa hivyo msomaji anaona kilichowavutia watu. Miungu ya Misri ilikuwa mingi, wengine wana vichwa vya mwewe na wengine vya mamba, lakini huyu alikuwa mjane na mama. Alihangaika na alilia. Mwanamke wa kawaida aliyefiwa aliona kwamba huyu anajua uchungu wake. Ndiyo maana habari zake zilivuka mipaka ya Misri. Alijengewa mahekalu Rumi kwenyewe, na katika mji wa Pompeii uliofunikwa na volkeno mwaka 79. Huko London limepatikana gudulia la zama za Warumi lililoandikwa kuwa ni la mahali penye hekalu la Isis. Mabaharia wa Iskandaria walimfanya mlinzi wa safari za bahari, na jahazi nyingine ziliitwa kwa jina lake. Wafanyabiashara wa Kiyunani waliokaa Misri ndio hao hao walioshuka na pepo za bahari mpaka mwambao huu wetu, katika bandari waliyoiita Rhapta, nao wameandika kitabu cha safari hizo katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa. Wazee wetu wa pwani, basi, walikwisha fanya biashara na watu waliomwabudu Isis.

Hapa nataka nimjibu msichana mwenye kidani. Kwanza, Isis hakuwa wa Waafrika peke yao. Warumi waliotawala Misri kwa mabavu walimwabudu vile vile, wala ibada hiyo haikuwazuia kuwatoza Wamisri ngano yao. Pili, si Uislamu uliofunga mahekalu yake. Maandishi ya mwisho yanayojulikana ya picha zile za Kimisri yalichongwa katika hekalu lake la kisiwa cha Philae, karibu na Aswan, mwezi wa Agosti mwaka 394. Hekalu lenyewe lilifungwa kwa amri ya Kaisari Justinian wa Rumi yapata mwaka 537, na yeye alikuwa Mkristo. Mtume wetu Muhammad, swalla Llahu alayhi wasallam, alizaliwa zaidi ya miaka 30 baadaye, na Amr bin al-As aliingia Misri mwaka 639. Waislamu walikuta milango imekwisha kufungwa miaka mia moja. Na mawe yale hayakuvunjwa: lilipojengwa bwawa kubwa la Aswan na maji yakataka kulimeza hekalu, serikali ya Misri, nchi ya Waislamu, pamoja na UNESCO, iliyaondoa moja moja na kuyasimamisha upya katika kisiwa cha Agilkia, kazi iliyokwisha mwaka 1980. Wanaomwabudu leo ni watu wapya. Mwaka 1976 huko Ireland iliundwa jumuiya ya kumtukuza, katika ngome ya Clonegal, na watu wa nchi nyingi wamejiunga nayo. Huo si urithi uliopokewa mkono kwa mkono kutoka kwa mababu, ni jambo lililofufuliwa vitabuni.

Lakini lile linalonigusa mimi ni jingine. Wamisri wa zamani walikuwa na vibao vya mawe vilivyochongwa sura ya mtoto Horus amesimama juu ya mamba, mikononi ameshika nyoka na nge. Kibao kimoja kikubwa, cha zama za mfalme Nectanebo wa pili, Muhammad Ali Pasha alimtunuku Metternich, mkuu wa Austria, mwaka 1828. Sasa kimo katika makumbusho ya New York. Humo imeandikwa hadithi ya Isis kurudi siku moja mabwawani na kumkuta mwanawe amekauka, ameumwa na nge, machozi na mate yamelowesha ardhi. Akapiga ukelele hata jahazi la jua likasimama mbinguni, na mungu wao wa elimu, Thoth, akashuka na kumponya mtoto. Mna kisa kingine humo. Isis anabisha hodi kwa tajiri mwanamke, anafungiwa mlango, nge mmoja katika nge saba waliofuatana naye anaingia na kumwuma mtoto wa yule tajiri. Kisha Isis anamhurumia mtoto asiye na kosa na kumponya.

Sasa sikilizeni matumizi yake. Mtu aliyeumwa na nge au nyoka alimwagiwa maji juu ya kibao kile, maji yakapita juu ya maandishi, yakakingwa chini, akanywa. Katika makumbusho ya Cairo iko sanamu ya mtu mmoja, Djedhor, iliyojaa maandishi mwili mzima, na chini yake imechongwa beseni la kukingia maji hayo.

Niliposoma maneno haya nilikiweka kitabu chini. Kwa sababu mimi nimeandika kombe tangu nilipokuwa kijana. Nani katika nyinyi asiyelijua kombe? Sahani nyeupe, zafarani, kalamu ya mwanzi, aya za Qur'ani, kisha maji ya waridi, na mgonjwa anapewa anywe. Tofauti yetu na Wamisri ni kubwa kuliko umbali wa mbingu na ardhi. Wao waliandika majina ya Isis na Horus, sisi tunaandika maneno ya Mola aliyeumba wagonjwa na nge pia. Na wanavyuoni wamelizungumza: Imam Ahmad bin Hanbal amepokewa kuwa aliruhusu, na Ibrahim an-Nakhai amepokewa kuwa alichukia. Hata katika habari za Masahaba yumo mkuu wa kabila aliyeumwa, naye akasomewa Alhamdu akapona, na Mtume akaliridhia jambo hilo. Sina nia ya kufungua ugomvi huo hapa. Ninalosema ni kwamba mkono unaomimina na kinywa kinachokunywa vinafanana, na moyo ukighafilika unaweza kuyategemea maji na kumsahau aliyeyaumba.

Sisi watu wa Songea tunayajua maji. Mwaka 1905 yalikuja huku Ungoni kutoka upande wa Kilwa na Matumbi, maji ya Kinjekitile wa Ngarambe yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama, ikasemwa kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji. Aliyeyaleta ni Omari Kinjala, na miongoni mwa waliokuwa wa mwanzo kuyapokea ni mwanamke mtawala, Nkomanile. Tarehe 27 Februari 1906 alinyongwa hapa Songea pamoja na wanaume waliopigana, na kila mwaka siku hiyo tunakusanyika penye makumbusho ya Majimaji, Mahenge, kuwakumbuka. Mimi simruhusu mwanafunzi wangu yeyote awacheke watu wale. Walidhulumiwa, walilimishwa pamba kwa viboko, walikataa unyonge. Lakini risasi haikugeuka maji.

Turudi kwa mama na mtoto. Watu wanasahau kwamba katika dini yetu yumo mama wa Misri aliyemhangaikia mwanawe, naye si hadithi ya kuchongwa ukutani. Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail, alitoka Misri, alikuwa mjakazi aliyepewa Bibi Sara na mfalme dhalimu. Nabii Ibrahim alimwacha katika bonde lisilo na mti wala mtu, na mfuko wa tende na kiriba cha maji. Ibn Abbas ametupokelea kwamba alimfuata mumewe akimwuliza kama Mwenyezi Mungu ndiye aliyemwamuru, na alipojibiwa kuwa ndiye, alisema basi hatatutupa. Tazama imani hiyo. Kisha kiriba kikakauka, na mtoto akawa anagaagaa kwa kiu. Bibi Hajar alifanya nini? Je, aliketi akingoja, kwa kuwa amekwisha sema kwamba Mungu hatatutupa? Alipanda Safa akatazama, akashuka bondeni akakimbia, akapanda Marwa, akarudi, mara saba. Maji ya Zamzam yalitoka miguuni pa mtoto na si kule alikokuwa akikimbilia, wala Mwenyezi Mungu hakuona mbio zile kuwa ni upungufu wa imani. Amezifanya ibada. Wafalme na maskini wakihiji wanakwenda nyayo za mjakazi yule, na hakuna hata mmoja anayemwomba yeye.

Hilo ndilo nililomwambia mjukuu wangu. Kama kinachowavuta rafiki zako ni mama asiyekaa kitako mwanawe anapokufa, basi Wamisri hawakukosea kuliona jambo hilo kuwa ni kubwa. Walikosea walipomsujudia.

Na sasa aibu yangu. Masika ya mwaka 1991, usiku, aliletwa kwangu mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, amepatwa na degedege. Macho yamepinduka, meno yamekaza. Nikaandika kombe kwa haraka, nikamwosha uso na kumtia matone kinywani. Mama yake akataka kumpeleka hospitali. Mimi nikamwambia angoje asubuhi, kwa sababu nilivyofundishwa na wakubwa, na watu wengi wa pwani waliamini hivyo, mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Yule mama akanitazama, akasema, "Maalimu, nisamehe." Akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akatoka katika mvua peke yake, kwani mumewe alikuwa safarini, wala sikumsindikiza. Mganga wa hospitali akasema ni malaria iliyopanda kichwani, na kama wangelimchelewesha mpaka alfajiri asingelimkuta hai. Mtoto yule leo ana watoto wake.

Nilipopata habari nilikumbuka wengine. Kabla ya mwaka ule niliwahi kuwaambia akina mama wawili wangoje, nao waliningoja kwa adabu zao. Wa kwanza mtoto wake alipona. Wa pili tulizika adhuhuri. Hakuna aliyenilaumu, wala baba wa mtoto, na mimi ndiye niliyeisalia jeneza ile. Mtume ametuamrisha tutafute dawa na ametuambia Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Nilikuwa nikiifundisha hadithi hiyo darasani mwaka ule ule.

Yule mama wa mvua tunaamkiana hata leo, hapa hapa Majengo. Siku moja katika harusi nilimwomba msamaha. Akacheka, akasema hakukimbia kwa kunidharau, na kwamba njia nzima alikuwa akisoma Alhamdu, akafika nayo hospitali hajui ameisoma mara ngapi.

Sahani yangu bado ninayo. Nikigongewa mlango usiku nauliza kwanza homa ilianza lini, kisha namwamsha kijana wa jirani mwenye pikipiki. Kombe naliandika wao wakiwa njiani, na baba wa mtoto hulifuata asubuhi.