Mwangaza na mng'ao
Nomino zote mbili ni za ngeli ya U-I, lakini si visawe katika maelezo ya skrini. Mwangaza ni kiasi cha nuru itokayo kwenye skrini yenyewe. Hupimwa kwa niti, yaani kandela moja kwa mita ya mraba. Mng'ao huifaa zaidi nuru ya taa au dirisha inayorudishwa na kioo.

Mfasiri wa maelezo ya skrini za OLED za michezo atahadhari. Niti 1,000 (tarakimu ipendwayo na wauzaji) mara nyingi ni za kipande kidogo, kama asilimia 3 ya skrini. Skrini nzima ikiwa nyeupe, nyingi hushuka hadi niti 250 hivi. Basi si “mwangaza wa niti 1,000”, bali “mwangaza wa kilele wa niti 1,000”, na ukubwa wa kipande utajwe.