Gari za arusi Goma: uzuri, gharama na moshi unaobaki katika kartie

Siku ya ndoa, wakaaji wa Mapendo wanajua mapema. Honi zinasikika toka mbali, mapikipiki yanapita mbele na mtu wa kamera amekaa nyuma, halafu gari zinafuata zikiwa na maua na riboni. Watoto wanakimbia kando ya barabara. Baada ya dakika chache msafara umepita, lakini vumbi na moshi vinabaki kwa wale wanaouza nyanya, sambaza na mikate pale pale chini.

Biashara ya gari za lokasio kwa ajili ya ndoa, mazishi na wageni wakubwa ni biashara halisi katika mji wa Goma. Kwa mwenye gari ni pato. Kwa familia ni heshima. Ila aina ya gari, mafuta inayotumia na namna inavyotunzwa vina matokeo kwa hewa tunayovuta na kwa maji ya ziwa Kivu. Hapa tunaeleza mambo hayo kimoja kimoja.

Limuzini ni gari gani?

Jina limuzini linatokana na Limousin, eneo la Ufaransa. Mwanzoni mwa karne ya 20, liliitwa hivyo gari ambalo abiria wanakaa ndani, penye kufunikwa, na shofere anakaa mbele, mbali nao. Limuzini ndefu tunazoona katika filamu zilikuja baadaye, huko Marekani: fundi wanakata gari katikati, wanaongeza kipande cha chuma, kisha wanaunga tena. Nyingi zilitengenezwa kutoka gari ya Lincoln Town Car, ambayo kiwanda kiliacha kuitoa mwaka 2011. Nyingine zilitoka kwenye Hummer H2, yenye moteri ya lita 6.

Gari ya namna hiyo ni nzito na inakunywa esansi sana. Katika Goma kuna shida nyingine: barabara. Tumbo la limuzini ndefu liko chini na magurudumu ya mbele yako mbali na ya nyuma, basi inagusa kwenye dodane. Katika avenue za ndani za Mapendo na Birere, ambako nyumba zimebanana, haiwezi kukata kona. Tena mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka hadi katikati ya mji, na mpaka leo avenue nyingi ni mawe makali tu.

Kwa hiyo watu wanachagua nini?

Ndiyo maana hapa kwetu "limuzini" ya arusi mara nyingi ni gari iliyo juu: Toyota Prado, Land Cruiser, Harrier ao RAV4. Familia zingine zinatafuta Mercedes-Benz kwa ajili ya bibi arusi, kisha jeep kwa wasimamizi na wazazi. Wengine waliobaki wanapanda Noah, HiAce ao Coaster.

Gari nyingi kati ya hizo hazikufika zikiwa mpya. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira, UNEP, lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018, gari ndogo milioni 14 zilizokwisha kutumiwa ziliuzwa katika nchi zingine kutoka Ulaya, Japani na Marekani. Zaidi ya nusu zilikuja Afrika. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba nyingi hazingekubaliwa tena kutembea kule zilikotoka, kwa sababu ya moshi ao usalama.

Nchi zingine za Afrika ya Mashariki ziliweka mipaka. Kenya haikubali gari iliyopita miaka 8. Uganda, toka mwaka 2018, inakataza kuingiza gari iliyopita miaka 15. Kongo nayo, mwaka 2012, serikali ilitoa amri ya kukataza gari zilizopita miaka 10. Lakini yeyote anayesimama dakika kumi kando ya barabara ya Goma anaona kwamba gari za zamani ni nyingi. Sababu inajulikana: gari mpya bei yake iko mbali sana na mfuko wa watu.

Rangi ya moshi inasema nini?

Gari ya zamani si lazima iwe gari chafu. Kinachoharibu zaidi ni matunzo. Fundi wa garaje wanasoma moshi kama vile muganga anasoma ulimi wa mgonjwa.

Moshi mweusi unaonyesha kwamba mafuta haiungui vizuri. Kwenye gari ya mazutu, mara nyingi filta ya hewa imejaa vumbi ao injekteri zimechafuka. Katika Goma, vumbi la volkano linajaza filta haraka kuliko mahali pengine. Mji uko pia kwenye urefu wa karibu metre 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na moteri ya zamani isiyorekebishwa inatoa moshi zaidi.

Moshi wa bluu unasema moteri inaunguza mafuta ya kulainisha, yaani segma ao sehemu zingine za ndani zimechoka. Moshi mweupe ambao haukatiki, hata moteri ikiisha kupata moto, unaweza kuwa maji ya radiatere yanaingia ndani ya moteri.

Moshi wa mazutu si usumbufu tu. Mwaka 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (OMS), liliuweka katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Watoto, wazee na wenye asma ndio wanaumia wa kwanza. Na katika kartie yenye nyumba zilizobanana kama Mapendo, moshi hauna nafasi kubwa ya kutawanyika.

Esansi pia ina neno. Ile inayouzwa kando ya barabara katika chupa na bidoni, kwa wale watu wengi wanaita Kadafi, inaweza kuwa na maji ao uchafu. Inaokoa shofere siku ya haraka, lakini inaweza kuharibu pompi na injekteri, na moshi unaongezeka.

Gari zikingoja

Sehemu kubwa ya siku ya arusi, gari hazitembei. Zinangoja mbele ya ofisi ya komine, mbele ya kanisa, kwenye picha kando ya ziwa, kisha mbele ya sale. Mashofere wengi wanaacha moteri inawaka ili klimatizere ifanye kazi ao muziki usikatike.

Hesabu yake ni rahisi. Moteri ya gari kubwa inayowaka bila kutembea, pamoja na klimatizere, inaweza kumaliza karibu lita moja kwa saa, ao zaidi. Tuseme msafara una gari 10, na kwa siku nzima kila moja imengoja saa mbili moteri ikiwaka. Ni lita 20. Ni bidoni ya njano nzima imeungua bila gari kusogea hata hatua moja. Kila lita ya esansi inayoungua inatoa karibu kilo 2.3 za gesi ya kaboni. Bidoni hiyo inatoa kilo 46.

Mwenye gari analipa bidoni hiyo, na mara nyingi anaiweka katika bei ya familia. Kuzima moteri hakuombi mashine mpya wala ruhusa ya mtu.

Kuosha gari na kubadilisha mafuta

Gari ya arusi lazima ing'ae. Gari inayooshewa kwenye mwambao wa ziwa Kivu inaacha sabuni, mafuta na grisi ndani ya maji. Familia nyingi za Goma zinateka maji katika ziwa hilo hilo. Ni vizuri gari ioshwe mbali na ziwa, kwa ndoo badala ya mpira unaomwaga bila kusimama.

Mafuta ya zamani ya moteri nayo yasimwagwe chini. Mawe ya volkano yana nafasi nyingi katikati, basi kinachomwagwa juu kinashuka haraka. Yakusanywe katika bidoni yenye kifuniko, na bidoni hiyo isitumiwe tena kwa maji ao mafuta ya kula.

Hybride na gari za umeme

Gari ya hybride ina moteri ya esansi na ya umeme pamoja. Haiombi kuchomekwa ukutani. Katika mwendo wa polepole na wakati wa kungoja, moteri ya esansi inazimika yenyewe, na arusi ni mwendo wa polepole na kungoja. Lakini anayetaka kununua aulize kwanza hali ya batri, maana kuibadilisha ni gharama kubwa. Apate pia fundi anayejua kazi hiyo: nyaya za rangi ya machungwa ndani ya gari hizo zina umeme wa kuua.

Gari ya umeme peke yake haitoi moshi kabisa. Upande wa pili wa mpaka, katika Rwanda, pikipiki na basi za umeme zimeanza kuzoeleka Kigali. Kwetu, umeme wa maji unaotoka vituo vya Virunga, kama Matebe katika Rutshuru kilichofunguliwa mwaka 2015, ungeweza kusaidia, lakini mwenye gari anahitaji umeme usiokatika.

Kuna jambo ambalo wakaaji wa Kongo hawawezi kusahau. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, inayotumiwa katika batri nyingi za gari hizo, inachimbwa katika nchi yetu, zaidi sana Lualaba na Haut-Katanga. Madini yanatoka hapa kwenda kusafisha hewa ya miji ya mbali, na gari zilizochoka zinarudi kwetu.

Komite ya ndoa inaweza kuuliza nini?

Familia inayolipa ina nguvu kuliko inavyofikiri. Mbele ya kutoa dola za kwanza, komite inaweza:

- kuomba gari iwashwe, na kuangalia rangi ya moshi;
- kuuliza lini filta ya hewa na mafuta ya moteri vilibadilishwa;
- kuangalia breki na mipira, kwa usalama wa bwana na bibi arusi;
- kupatana na mashofere kwamba moteri zitazimwa wakati wa kungoja;
- kupunguza hesabu ya gari. Coaster moja inaweza kubeba watu wa gari tano, na bei yake inagawanyika.

Gari mbili tatu nzuri mbele, na Coaster moja nyuma, ni arusi kamili. Pesa inayobaki inaweza kusaidia nyumba mpya, ambayo mahitaji yake yanaanza siku inayofuata.