Kati ya Mzizi na Kidonge: Historia ya Tiba za Ukomo wa Hedhi

Anayetafuta katika Kiswahili jina la wakati ambapo mwanamke haoni tena siku zake hukutana kwanza na kitenzi: kukoma. Hedhi hukoma. Neno hedhi lilitujia kutoka Kiarabu pamoja na sheria ya Kiislamu, ambayo ilihitaji kuutambua umri huo kwa ajili ya hesabu ya eda. Aya ya 4 ya sura ya 65 ya Kurani yawawekea wanawake waliokata tamaa ya hedhi eda ya miezi 3. Waarabu huuita umri huo umri wa kukata tamaa. Waswahili waliipokea hedhi, lakini ile tamaa iliyokatwa hawakuipa nafasi katika jina. Kwa upande wa Kifaransa, lugha ambayo wengi wetu tulisomeshwa, neno ménopause si la kale hata kidogo: daktari Charles de Gardanne aliandika kwanza ménespausie mwaka 1816, kisha akalifupisha katika toleo la 1821. Aliliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki, mwezi na kukoma. Kwa hiyo wanaosema kwamba mwanamke yuko mwezini wako karibu na Wagiriki wa Gardanne kuliko wanavyodhani.

Makala haya hayakusudii kumwagiza mtu dawa. Yanakusudia kuchunguza mgawanyo mmoja ambao siku hizi hutajwa kana kwamba uko tangu kuumbwa kwa dunia: upande huu dawa ya asili, upande ule dawa ya kidaktari, na mwanamke katikati akitakiwa kuchagua. Rai yetu ni kwamba mpaka huo umehamishwa mara nyingi, na waliouhamisha walikuwa wafanyabiashara zaidi kuliko wataalamu. Jambo hili si mchezo wa maneno, maana kuna wanawake waliougua kwa kuamini upande mmoja au mwingine.

Tuanze na mwili. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na vijiyai vinavyohesabiwa kuwa kati ya milioni 1 na 2, wala haongezewi kingine maishani. Vinavyokomaa na kutoka mwezi kwa mwezi ni mia chache tu. Vilivyobaki hunyauka polepole. Vinapokaribia kwisha, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, ovari hupunguza homoni iitwayo estrojeni, hedhi huanza kurukaruka, na baada ya miezi 12 mfululizo bila damu husemwa kwamba imekoma. Sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili huyumba, na mwanamke hupatwa na joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi. Uke hukauka, na mifupa huanza kupoteza uzito kwa kasi. Wengine hupita humo bila kusumbuka sana, wengine huteseka miaka 7 na zaidi. Hiyo si ndwele, lakini ni kosa pia kumwambia anayeteseka kwamba hana kitu.

Waganga wa Ulaya katika karne ya 19 waliamini kwamba damu iliyozoea kutoka ikizuiwa hugeuka sumu mwilini. Wakatoa damu kwa ruba na kwa wembe. Edward Tilt wa London, ambaye kitabu chake cha 1857 kilikuwa cha kwanza cha Kiingereza kulishughulikia suala hili kwa urefu, bado alikuwa na imani hiyo. Si ajabu basi kwamba wanawake wengi waliwakimbia madaktari. Huko Lynn, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, Lydia Pinkham alianza mwaka 1875 kuuza mchanganyiko wa mimea aliokuwa akiupika nyumbani kwake. Ndani yake mlikuwa na mizizi ya Actaea racemosa, mmea ambao wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waliutumia kabla ya Wazungu kufika, na mlikuwa pia na mbegu za uwatu, ambazo wapishi wa pwani yetu wanazijua vizuri. Mlikuwa na kitu kingine ambacho matangazo hayakukitaja kwa sauti: pombe. Sheria ya Marekani ya 1906 ilipolazimisha kiwango cha pombe kiandikwe juu ya chupa, wanunuzi walisoma kwamba ni asilimia 18. Mama Pinkham aliwaalika wanawake wamwandikie barua, na majibu yaliendelea kutoka kwa jina lake miaka mingi baada ya kifo chake cha 1883, hadi jarida moja lilipochapisha picha ya kaburi lake. Hata hivyo tusimcheke mno. Aliwasikiliza wanawake wakati ambapo daktari aliwatoa damu, na dawa yake, pamoja na pombe yake, iliua wachache kuliko wembe.

Dawa ya kidaktari nayo ilianza kama uganga. Mwaka 1889, huko Paris, mzee Brown-Séquard, mwenye umri wa miaka 72, alitangaza mbele ya wataalamu wenzake kwamba amejidunga maji ya korodani za mbwa na za panya wa Guinea na kwamba nguvu zimemrudia. Kwa mfano huo, katika miaka ya 1890, madaktari wa Ujerumani waliwapa wanawake ovari za wanyama zilizokaushwa na kusagwa. Kula kiungo ili kutibu kiungo: hoja hiyo mganga yeyote wa kijijini angeielewa bila kufafanuliwa. Sayansi yenyewe ilifika baadaye. Edgar Allen na Edward Doisy waliithibitisha homoni ya ovari mwaka 1923, na mwaka 1929 Doisy huko Marekani na Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, wakaitenga.

Sasa tutazame ilikotoka dawa iliyouzwa. Dawa ya kwanza ya kumezwa kutoka Montreal, Emmenin, ilitokana na kondo za nyuma za akina mama waliojifungua. Kondo zilikuwa chache, kwa hiyo kampuni ya Ayerst ikageukia wanyama, na mwaka 1942 Premarin ikaruhusiwa Marekani baada ya kutangulia Kanada. Jina lake limeshonwa kwa vipande vya maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkojo wa farasi majike wenye mimba, na ndiko inakotoka kweli. Wakati huohuo ilikuwapo dawa nyingine iliyotengenezwa London mwaka 1938 na Charles Dodds, dietilistilbestroli, ambayo haikutoka kwa kiumbe chochote. Ilipikwa maabarani na ilikuwa rahisi mno kwa bei. Ili kushindana nayo, watengenezaji wa Premarin walijisifu kwamba yao ni ya asili. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Kidonge ambacho leo kinawekwa upande wa kidaktari kilinadiwa kwa neno lilelile linalotumiwa leo kukipinga. Dietilistilbestroli nayo ilipewa hata wajawazito, na mwaka 1971 ikagunduliwa kwamba baadhi ya binti zao walipata saratani ya nadra ya uke.

Mzizi nao uliingia kiwandani. Russell Marker, mkemia wa Marekani, alisafiri hadi Veracruz, Mexico, mwaka 1942 kutafuta kiazi cha mwitu cha jamii ya Dioscorea, ambayo ndiyo jamii ya viazi vikuu vyetu. Kutoka humo alitoa dutu iitwayo diosjenini, akaigeuza kuwa projesteroni, homoni ambayo hadi hapo ilikuwa ghali kupindukia; mwaka 1944 kampuni ya Syntex ikaanzishwa juu ya kazi hiyo. Wako leo wanaouza marhamu ya kiazi hicho na kuwaambia wanawake kwamba mwili utaigeuza kuwa homoni. Hautaigeuza. Kazi aliyoifanya Marker kwa asidi na joto, mwili wa binadamu hauna njia ya kuifanya. Kinyume chake, estradioli inayotolewa leo katika plasta za kubandika ngozini hutengenezwa mara nyingi kutokana na viazi hivyo au soya, nayo ni sawasawa na ile ya ovari. Ipi kati ya hizo mbili tuiite ya asili?

Mwaka 1966 daktari wa New York, Robert Wilson, alichapisha Feminine Forever, kitabu kilichomfananisha mwanamke aliyekoma na kitu kinachooza kingali hai, na kilichoahidi ujana usiokwisha kwa estrojeni. Ilikuja kujulikana kwamba taasisi yake ilipokea fedha za makampuni ya homoni. Laiti angesoma historia ya chuma katika Afrika! Eugenia Herbert, katika kitabu chake cha 1993, ameonyesha kwamba miiko iliyowakataza wanawake kuikaribia tanuru ya kuyeyushia iliwahusu hasa walio katika umri wa kuzaa. Msichana mdogo na mama aliyekwisha kukoma mara nyingi hawakukatazwa. Alichokiita Wilson uozo, wafua chuma walikihesabu kuwa ruhusa. Naye Margaret Lock, pia mwaka 1993, alionyesha kwamba wanawake wa Japani waliripoti joto la ghafla kwa uchache kuliko wenzao wa Marekani na Kanada. Iwe ni kwa chakula, kwa mwili au kwa namna ya kulisema jambo, ushahidi huo watosha kutuonya tusichukue malalamiko ya mji mmoja kuwa sheria ya ulimwengu.

Kwetu, utabibu wa kikoloni haukumwona mama huyo. Kuanzia miaka ya 1920 Union Minière ilijenga katika kambi zake za Katanga huduma za wajawazito na watoto wachanga, kwa sababu ilihitaji wafanyakazi wa kesho. Maziwa, mizani na zawadi vilihesabiwa kwa uzazi. Aliyemaliza kuzaa alikuwa nje ya hesabu. Mzigo wa kumtunza ulibaki kwa jamaa zake na kwa wajuzi wa miti, na ndiyo sababu mojawapo historia hii inasimuliwa kwa majina ya Montreal na London.

Ahadi ya Wilson ilivunjika upesi. Mnamo Desemba 1975 tafiti mbili zilizochapishwa pamoja Marekani zilionyesha kwamba waliotumia estrojeni peke yake walipata saratani ya mfuko wa uzazi mara 4.5, na kwa utafiti wa pili mara 7.6, kuliko wasioitumia. Madaktari wakaongeza homoni ya aina ya projesteroni ili kuulinda mfuko huo, na mauzo yakainuka tena, safari hii kwa madai kwamba moyo nao unalindwa. Dai hilo lilipimwa katika utafiti mkubwa wa Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa homoni mbili, wengine kidonge kitupu. Mnamo Julai 2002 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya muda wake.

Magazeti yalitangaza kwamba saratani ya matiti imeongezeka kwa asilimia 26. Ni kweli, lakini maana yake ni kwamba katika wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja walipatikana wagonjwa 38 badala ya 30. Viharusi viliongezeka kwa 8 na mashambulio ya moyo kwa 7, damu iliyoganda mapafuni kwa 8. Mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa 5 na saratani ya utumbo mpana kwa 6. Jambo lililosomwa kwa uchache zaidi ni umri: wastani wake ulikuwa miaka 63, yaani wengi walianza dawa muda mrefu baada ya kukoma. Uchambuzi wa 2007 ulionyesha kwamba hatari ya moyo haikuonekana kwa walioanza karibu na ukomo. Mamilioni walikuwa wamekwisha kuacha dawa kwa hofu, wakiwemo waliokuwa wakisaidiwa, na wengi wakaukimbilia mzizi.

Mzizi nao ukapimwa. Mwaka 2006, katika utafiti wa wanawake 351 kwa mwaka mzima, Actaea racemosa haikulishinda joto la ghafla kuliko kidonge kitupu; homoni ililishinda. Tangu 2023 Marekani imeruhusu fezolinetanti, dawa isiyo homoni inayofanya kazi katika ile sehemu ya ubongo inayoongoza joto, na mnamo Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya huko ilitangaza kwamba onyo kali lililobandikwa juu ya homoni litaondolewa kwa sehemu kubwa. Hayo hayafuti tahadhari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kugandwa na damu mishipani hatakiwi kuanza homoni za kumeza kwa ushauri wa jirani. Na damu inayotoka baada ya mwaka mzima wa kukoma haitibiwi kwa mzizi wala kwa kidonge kabla ya kuchunguzwa, kwani huenda ni saratani ya mfuko wa uzazi.

Yabaki maneno, ambayo ndiyo kazi yetu. Wafaransa waliiita tiba hii traitement hormonal substitutif, yaani ya kurudishia kilichopungua, kisha baada ya 2002 wakaanza kusema traitement hormonal de la ménopause, kwa kuwa jina la kwanza lilihukumu kabla ya kupima. Sisi tuseme tangu mwanzo tiba ya homoni wakati wa ukomo wa hedhi. Ugumu zaidi uko katika neno asili. Kifaransa hutenganisha naturel na traditionnel. Kiswahili huyakusanya yote mawili katika dawa ya asili, kwa hiyo chupa ya Actaea, inayouzwa Ujerumani tangu 1956 na ambayo hakuna bibi yetu aliyeijua, ikifika katika duka la dawa la Lubumbashi huvaa heshima ya bibi huyo. Twapendekeza dawa ya mimea kwa chochote kilichotoka kwenye mmea, popote kilipoota, na dawa ya jadi kwa ile tu ambayo wajuzi wa mahali fulani wanaweza kuitaja mti wake, namna ya kuitayarisha, na aliyewafundisha.